Kopo la Viberiti la Kisima Namba Nne

Kwa akina Pohlmann, wafugaji wa Wirrabilla, ng'ombe ndio waliokuwa saa. Wakianza kuteremka kwenda kwenye hori asubuhi, Janelle alijua ni wakati wa kuandaa chai. Maji yalitoka Kisima Namba Nne. Yalitoka ardhini yakiwa moto, na yalinuka kidogo kama yai viza. Wageni walikunja pua. Watu wa Wirrabilla walisema chai isiyo na harufu ile ni chai ya mjini.

Baba mkwe wake, Mzee Merv, alinywea chai nje. Alikalia kichwa cha keekee, chuma chenye meno, kizito kuliko ndama. Ndicho kilichochimba Namba Nne. Kutoka pale alitazama malisho makavu na kuona vitu ambavyo havipo tena.

"Pale ulisimama mnara," alisema. "Taa zake zilionekana mpaka mjini."

"Na pale palikuwa na banda la Mama," Janelle akamalizia.

"Noreen aliuza mikate ya nyama. Nilinunua mitatu kila siku. Wala sikuwa na njaa."

Mimi nilikuwa nikipita Wirrabilla kila nilipotafuta kazi ya kutengeneza nyua za mashamba, na kila mara nilipewa chai ile na hadithi ile.

Kwanza walikuja watu wa malori. Walilipua baruti ndogo ndogo ardhini, wakasikiliza mwangwi wake. Wakasema miamba ya chini imejikunja kama bakuli lililofunikwa, na mafuta hupenda kujificha chini ya kifuniko kama hicho. Kisima cha kwanza kilitoa matope. Cha pili kilitoa mafuta ya kupaka mikono tu. Cha tatu kilitoa mafuta kweli, na mji mzima ukafunga maduka kwenda kutazama. Cha nne kilitoa maji na mapovu.

Merv alikuwa kibarua kwenye mtambo wa kuchimba, na shamba lilikuwa lake. Kampuni ya mafuta ikamwuliza: tukizibe, au utakichukua kiwe cha maji? Katika nchi ile ya ukame mkulima hakatai shimo la bure. Majirani wote walichukua ya kwao. Merv alikubali huku akicheka.

Miaka ikapita, mafuta yakapungua. Minara ikaondoka. Pampu zikauzwa kama vyuma chakavu. Noreen, mkewe Merv, naye akafariki. Ikabaki Namba Nne, na kila mwaka, Siku ya Mafuta, wazee wa mtambo walikusanyika hapo na nyama zao. Merv alisogeza gunia linalowaka kwenye mdomo wa kisima. Mwali wa buluu ukaruka, wote wakavua kofia.

Mwaka mmoja ukame ulikuwa mkali. Vumbi liliingia kwenye pampu, na kasuku weupe walitafuna nyaya za umeme. Russell, mwana wa Merv na mume wa Janelle, akakijengea kisima kibanda cha mabati. Akaziba kila upenyo.

"Sasa kasuku watatafuna midomo yao wenyewe," alisema.

Lakini Janelle ndiye aliyeingia humo kuwasha pampu. Kila alipotoka, kichwa kilimzunguka. Siku moja alikuta ndege wawili wamekufa sakafuni, bila jeraha.

"Ni joto," Russell alisema.

"Joto la siku zote, mbona halikuua ndege?"

"Kisima cha Noreen hakiui mtu," Mzee Merv alisema, na maneno yakaishia hapo. Siku ya Mafuta ilikuwa inakaribia. Tayari alikuwa amekausha gunia.

Janelle hakubishana. Alimpigia simu Colin Doolan, jirani yao, mchimbaji wa visima vya maji. Marehemu baba yake, Alf, alifanya kazi na Merv kwenye mtambo.

Colin alipofika alisimamisha gari mbali. Alimwambia Russell azime umeme wa kibanda kule nyumbani, si pale kwenye pampu. Kisha akaenda na upepo mgongoni, akafungua mlango wazi, akarudi nyuma haraka.

"Unaogopa nini, nyoka?" Mzee Merv aliuliza. Alikuwa anakuja na kiko ambacho hakijawashwa mdomoni, mkono mfukoni.

"Mzee, hicho kiberiti kibaki mfukoni."

"Nakuonyesha mwali tu. Baba yako aliupenda."

"Baba yangu aliupenda ukiwa kwenye uwanja wazi. Leo umo ndani ya debe. Ukiwasha hapo tutakuokota kwa kijiko."

Walirudi kwenye veranda. Janelle alileta chai na keki ya tabaka, yenye jemu katikati. Colin akaomba mrija.

"Chai unanywa kwa mrija siku hizi?" Russell akamtania.

"Nyamaza ujifunze, jirani." Colin alichomeka mrija kwenye keki mpaka chini. "Ardhi ndiyo hii. Hapa mchanga wenye maji. Hapa udongo mgumu. Huku chini gesi na mafuta. Kabla hatujachimba, udongo huu ulikuwa kifuniko. Sisi tukakitoboa." Akabonyeza keki kwa kiganja. Jemu ikapanda pembeni mwa mrija.

"Umeharibu keki," Mzee Merv alisema.

"Ndiyo somo lenyewe, Mzee. Tukichimba tunashusha bomba la chuma, na kulizungushia saruji, ili kile kifuniko kirudi. Bomba la Namba Nne lina umri wa Russell. Limeliwa na kutu, saruji imepasuka. Gesi inapanda ndani na nje ya bomba. Zamani upepo uliichukua. Sasa mmeifungia chumbani."

"Lakini sisikii harufu mpya," Janelle alisema.

"Gesi inayowaka haina harufu. Ile inayonuka yai ni nyingine, nayo ni sumu. Ikizidi, pua inakufa ganzi, husikii kitu tena. Kwa hiyo pua si mlinzi. Ukiona kizunguzungu, ndege wamekufa, au mapovu yameongezeka, toka, kaa upande upepo unakotoka, usiwashe wala kuzima chochote, na uite watu wenye kipimo cha gesi."

Russell alikuna kichwa. "Basi nitamwaga mawe na zege, nikizibe kesho."

"Utaziba mdomo, kilicho tumboni kitatafuta pa kutokea. Pengine chini ya jikoni kwako. Kuna idara inayosimamia visima vya zamani. Italeta mtambo, isafishe shimo mpaka chini, ijaze saruji kuanzia kule. Maji mtachimba upya, mahali pengine, kisima kifupi kisichofika kwenye gesi."

Mzee Merv aliweka kikombe chini.

"Hapana," alisema. "Mnara walichukua. Pampu walichukua. Noreen yuko makaburini. Hicho ndicho kilichobaki. Mkikijaza saruji, nani atajua kwamba tulikuwepo hapa?"

Colin alipangusa jemu vidoleni.

"Mzee, kwenye mtambo, nani alikaa getini na kopo?"

Mzee Merv alimtazama. "Kopo gani?"

"La biskuti. Baba alisema hakuna aliyevuka mawe meupe ya mpaka na kiberiti. Wewe ulikusanya vyote. Hata meneja ulimvua kofia, ukakuta njiti."

"Alizificha kwenye utepe," Mzee Merv alisema polepole. "Mshenzi yule."

"Baba alisema nimezaliwa kwa sababu ya kopo lile. Sasa Janelle anaingia kila siku kwenye gesi, na wewe mwenyewe unakuja na kiberiti."

Mzee Merv akatoa kiberiti mfukoni, akakiweka mezani mbele ya Janelle.

"Ng'oa mabati hayo, Russell," alisema. "Lakini kwanza mpigieni simu mtu wa idara."

Kibanda kilivunjwa baada ya watu wenye kipimo kufika na kusema ni salama. Colin akachimba kisima kipya upande wa kaskazini. Mtambo wa saruji ulikuja Siku ya Mafuta yenyewe, na wazee wakaja na nyama zao. Getini walikuta mawe yamepakwa chokaa upya, na Mzee Merv amesimama na kopo la biskuti, akikusanya viberiti.

"Kofia pia," alisema. Walizivua bila kubisha.

Saruji ilishuka mchana kutwa. Mwishoni wakalikata bomba chini ya usawa wa ardhi, wakachomelea juu yake kipande cha chuma chenye namba nne. Ng'ombe walifika, wakasimama mahali pa hori la zamani, wakashangaa. Halafu mmoja akafuata harufu ya maji kaskazini, wengine wakamfuata.

Janelle hakuona tena kizunguzungu. Alimletea mzee chai ya maji mapya. Mzee akaonja, akakunja uso.

"Chai ya mjini," alisema, akaimaliza.

Kule mbali, nje ya mawe meupe, kuni zilikuwa tayari na nyama imetiwa chumvi.

"Nani ana kiberiti?" mmoja akauliza.

Wazee wote wakajipapasa mifuko, kisha wakamgeukia Merv. Alikuwa amekaa juu ya kopo. Aliwaacha wangoje kidogo.