Nifutie Tu

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa mitaa minne tu, kutoka karakana yangu ya kompyuta hadi nyumbani kwa Mama Sindano. Jua lilikuwa linazama, nami nimebeba kompyuta yake kifuani.

Mama Sindano ni mjane, fundi cherehani. Siku tatu kabla alikuja nikiwa nafunga mlango. Akaiweka kompyuta mezani, akasema, "Imejaa, mwanangu. Nifutie tu."

Nikaitikia. Kuuliza si ujinga, lakini kibao changu kimeandikwa Fundi Hakosei, na mwenye kibao kama hicho haulizi. Nikaelewa kwamba diski, hifadhi yake ya mafaili, imejaa. Nikafuta kila kilichokuwemo.

Kesho yake akapiga simu. Alitaka kujua kama vumbi limetoka.

Vumbi.

Akaniomba niwe mwangalifu, maana ndani mna sauti ya Kitinda, binti yake wa mwisho, aliyemzika mwaka uliopita. Alikuwa na mazoea ya kurekodi wakiwa wanashona, akimtania mama yake. Sauti hiyo haipo pengine popote. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Dhambi yangu haiko kwenye kufuta. Iko hapa. Diski ukiifuta, haisahau papo hapo. Ni kama kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo: habari zenyewe bado zimo, mpaka uandike nyingine juu yake. Kwa hiyo ningeweza kumrudishia sauti ya mwanawe. Ilihitaji siku mbili za kazi na neno moja: nimekosea. Neno hilo likanishinda. Nikaogopa ataichukua diski yake ampelekee fundi mwingine, naye agundue kwamba niliifuta. Nikaijaza nyimbo na filamu, pomoni, mpaka pasibaki hata chembe ya Kitinda. Kisha nikaitoa, nikaunguza saketi yake isiwake tena, nikafunga nyingine tupu mahali pake.

Nilimkuta ameketi kando ya cherehani, vipande vya kitambaa miguuni. Nikaunganisha kompyuta, ikawaka. Nikamkabidhi ile diski ya zamani mkononi.

"Ilikufa yenyewe, mama," nikasema.

Hakulia. Aliokota kipande cha kitambaa, akaviringisha diski ndani yake polepole, akaiweka mapajani. Akanishukuru. Akasema nimejichosha bure kwa ajili yake.

Umeme ukakatika.

Kompyuta ikazimika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kimya...

Halafu nikasikia mvumo mdogo. Mvumo huo naujua kuliko sauti ya mke wangu. Ni diski inayozunguka. Ulitoka mapajani mwake, ndani ya kitambaa, ambako hakukuwa na waya wala spika. Chumba kikajaa harufu ya nguo iliyotoka kupigwa pasi. Pasi ilikuwa sakafuni karibu na mguu wangu. Nikaigusa. Ya baridi.

"Mama, sema kitu. Inarekodi."

Sauti ya msichana. Akacheka kidogo.

Mama Sindano hakushtuka. Aliinama, kama mtu anayesikiliza mtoto akimnong'oneza. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanigeukia, taratibu.

"Anauliza, mwanangu. Kweli ilikufa yenyewe?"

Mdomo ulifunguka. Nilikusudia kusema, naapa nilikusudia.

"Ndiyo, mama."

Ndani ya kitambaa... tik. Tik. Tik.

Ilikuwa inaandika.

Umeme uliporudi mimi tayari nilikuwa barabarani, nakimbia na umri wangu huu. Sijui nilisikia nini. Pengine mama wa watu alijua tangu mwanzo, akataka tu kunipa nafasi ya kutubu. Pengine ni dhamira yangu. Lakini tangu siku hiyo, kila diski ninayoiunganisha, hata mpya iliyotoka kwenye nailoni yake sasa hivi, ina faili moja. Sekunde tatu. "Ndiyo, mama." Sauti ni yangu. Nimelifuta, nimeandika mengine juu yake, mara mia. Linarudi.

Kibao nimekishusha. Wateja wakileta mashine nawauliza mara mbili: vumbi, au vilivyomo? Wanacheka, wanasema fundi kazeeka.

Jana jioni Mama Sindano alipita. Hakuingia. Alisimama mlangoni na kibunda kile cha kitambaa mkononi, akatabasamu.

"Kitinda anakusalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Anasema bado inarekodi."

Tulikuwa wawili tu. Hakukuwa na mteja wa kunisikia wala kibao cha kulinda. Neno lilikuwa lile lile moja: nimekosea.

"Msalimie, mama," nikajibu.

Leo asubuhi faili lina sekunde tano.