Nukta za Manjano Kwenye Gari la Babu

Tusekile alikuwa na miaka sita. Aliishi Tukuyu, mahali penye migomba mingi na mvua nyingi.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na banda la mabati. Ndani ya banda kulikuwa na gari la zamani, gari refu la kupanda milima.

Lilikuwa gari la Babu.

Babu alifariki kabla Tusekile hajazaliwa. Gari likabaki kijijini kwa Bibi, juu mlimani. Likaota kutu. Kuku akataga mayai kwenye kiti cha nyuma.

Kisha Shangazi Atupele akalileta Tukuyu. Lilivutwa kwa kamba na trekta, polepole, siku nzima.

Shangazi Atupele alikuwa mwalimu. Jumatatu mpaka Ijumaa, vidole vyake vilikuwa na chaki. Jumamosi, vidole vyake vilikuwa na grisi.

"Shangazi, wewe si fundi," alisema Tusekile. "Kwa nini unatengeneza gari?"

"Kwa sababu napenda," alisema Shangazi. "Wengine wanapenda mpira. Mimi napenda gari hili."

Jumamosi moja, Shangazi aliliinua gari kwa jeki. Akafunga springi ndefu na ngumu. Sasa tumbo la gari lilikuwa juu, mbali na mawe.

Jumamosi nyingine, alifunga magurudumu mapana yenye meno makubwa.

Jumamosi nyingine, alifunga bomba refu lililopanda mpaka juu ya paa.

"Kama mkonga wa tembo," alisema Tusekile.

"Ndiyo," alisema Shangazi. "Tukivuka mto, gari litapumua kwa juu."

Kazi ya Tusekile ilikuwa kushika spana. Shangazi akinyoosha mkono, Tusekile anampa. Spana kubwa. Spana ndogo. Aliipenda kazi hiyo.

Jumamosi moja, Shangazi alimpa kazi mpya. Alimpa kipande cha msasa, karatasi ngumu yenye mchanga.

"Leo utasugua kutu," alisema. "Sugua bampa hii ya mbele. Bampa tu."

Shangazi akaenda dukani kununua brashi ya rangi. Tusekile akapiga magoti, akaanza.

Kwaru, kwaru, kwaru.
Kutu ikatoka.

Kwaru, kwaru, kwaru.
Bampa ikang'aa.

Tusekile akamaliza. Shangazi alikuwa bado hajarudi. Msasa ulikuwa bado mkononi.

Tusekile akazunguka gari, akitafuta kutu nyingine. Akafungua mlango wa nyuma.

Ndani ya mlango kulikuwa na nukta za rangi ya manjano. Zilikuwa ndogo kama punje za mahindi. Zilikuwa nyingi sana. Nyingine zilipinda. Nyingine zilikuwa zimefifia.

"Rangi imerukia hapa," alisema Tusekile. "Ni uchafu. Shangazi atafurahi nikiutoa."

Kwaru, kwaru, kwaru.
Nukta zikatoka.

Kwaru, kwaru, kwaru.
Nukta zote zikatoka.

Vumbi la manjano likaanguka kwenye vidole vya miguu yake. Tusekile akalipuliza. Fuuu. Likapotea.

Shangazi akarudi na brashi yake. Akaiona bampa, akatabasamu.

Kisha akauona mlango wa nyuma.

Akasimama. Akaweka kiganja chake juu ya mlango.

"Tusekile," alisema kwa sauti ndogo. "Hapa palikuwa na nukta."

"Palikuwa pachafu, Shangazi. Nimepasugua."

Shangazi akakaa juu ya ndoo.

"Haukuwa uchafu," alisema. "Babu aliziweka nukta zile kwa mkono wake."

Tusekile akautazama msasa. Akauficha nyuma ya mgongo.

"Kijijini kwa Bibi hapakuwa na gari lingine," alisema Shangazi. "Mama yeyote akitaka kujifungua, watu walikimbia kumwita Babu. Mvua ikinyesha, tope likijaa, Babu alimpeleka hospitali. Polepole, ili asiumie."

"Halafu?"

"Mtoto akizaliwa, Babu alirudi nyumbani. Alichukua kijiti, akakichovya kwenye rangi, akaweka nukta moja. Nukta moja, mtoto mmoja."

Tusekile akaugusa mlango.

"Zilikuwa ngapi?"

"Sijui," alisema Shangazi. "Niliziona kila siku. Sikuwahi kuzihesabu. Na sikukuambia habari zake. Ilifaa nikuambie."

Tusekile akainama. Akatafuta vumbi la manjano kwenye udongo. Akakwangua kwa kucha. Hakupata hata chembe moja.

Laiti ningeuliza, alisema moyoni.
Laiti ningeuliza kwanza.

Kesho yake, Tusekile alichukua rangi yake ya shule, ya manjano. Akaenda bandani peke yake. Akaweka nukta moja kwenye mlango. Akaweka nyingine. Akaweka kumi.

Shangazi akaja, akaziona.

"Nukta hizi ni nzuri," alisema taratibu. "Lakini hizi ni zako. Za Babu zimekwenda."

Tusekile akachukua kitambaa chenye maji. Akazifuta mwenyewe, moja baada ya nyingine, huku akilia.

Jumamosi ikafika. Shangazi hakumwita. Tusekile alikaa ndani, karibu na dirisha. Alisikia nyundo.

Kong, kong, kong.

Nani alimshikia Shangazi spana? Hakuna mtu.

Laiti ningeuliza, alisema moyoni.
Laiti ningeuliza kwanza.

Jumamosi nyingine, Tusekile alivaa viatu vyake vya mpira. Akavuka uwanja. Akasimama mlangoni pa banda.

"Shangazi, nisamehe."

Shangazi alikuwa amelala chini ya gari. Ilionekana miguu tu. Miguu ikasogea, Shangazi akatoka. Alikuwa na oili shavuni.

"Nimekusamehe siku nyingi," alisema. "Nilikaa kimya kwa sababu nina huzuni. Huzuni si hasira."

Tusekile akakaa juu ya gurudumu.

"Nani mwingine anazijua zile nukta?"

"Bibi. Wiki ijayo tunampelekea gari alione. Najua atafungua mlango wa nyuma kwanza."

Tusekile akautazama mlango wa nyuma.

"Utamwambia?" aliuliza.

"Ukitaka, nitamwambia mimi."

Tusekile akafikiri. Akafikiri tena.

"Hapana," alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

Siku ya safari, Shangazi alizungusha ufunguo.

Kich, kich, kich. Kimya.

Kich, kich, kich. Kimya.

Kich, kich, ngurrrrrr.

Banda lote likatetemeka. Kuku wakakimbilia jikoni.

Wakaondoka. Barabara ya lami ikaisha. Ikaanza barabara ya udongo. Mvua ikanyesha, udongo ukawa tope.

Pikipiki ilikuwa imekwama. Gari dogo lilikuwa limekwama. Shangazi akavuta gia fupi iliyokuwa pembeni.

"Sasa magurudumu yote manne yanasukuma," alisema.

Ngurrr, ngurrr, ngurrr.
Polepole, mlimani.

Wakafika mtoni. Maji yalifika juu ya magurudumu. Gari likapumua kwa lile bomba refu. Likavuka.

Ngurrr, ngurrr, ngurrr.
Polepole, mlimani.

Tusekile alitaka kufurahi. Lakini kila kona ilimpeleka karibu zaidi na Bibi.

Laiti ningeuliza, alisema moyoni.
Laiti ningeuliza kwanza.

Bibi alikuwa amesimama uani. Alilisikia gari tangu likiwa bondeni. Alikuwa ameshika shavu lake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Bibi akagusa taa ya mbele. Akagusa boneti. Kisha akazunguka moja kwa moja kwenda nyuma.

Tusekile akakimbia, akasimama mbele ya mlango.

"Bibi, usifungue kwanza," alisema. "Kulikuwa na nukta. Nilidhani ni uchafu. Nilizisugua kwa msasa. Nilizimaliza zote."

Bibi akamsogeza taratibu. Akafungua mlango.

Akatazama. Akapitisha kidole juu ya bati tupu. Maji ya mvua yalidondoka kutoka kwenye paa la gari.

Ti, ti, ti.

"Nilitamani kuziona," alisema Bibi. Akashika ncha ya khanga yake, akafuta macho.

Tusekile alitaka kukimbia, ajifiche migombani. Hakukimbia. Alibaki pale pale, karibu na Bibi.

"Pole, Bibi," alisema.

Bibi akamshika bega. Mkono wake ulikuwa mzito na wa joto.

"Umeniambia mwenyewe," alisema. "Hilo nimeliona pia."

Wakati huo kijana mmoja akaja akishuka mlima. Alikuwa na jembe begani, na alihema.

"Bibi, nimesikia gari la Mzee," alisema. "Nimeacha shamba, nimekuja kuliona."

Bibi akamtazama kijana. Akautazama mlango. Akamtazama kijana tena.

"Lusajo," alisema, "sogea hapa. Tusekile, huyu ni Lusajo. Mama yake alipandia mlango huu, siku daraja lilipobebwa na maji. Huyu alikuwa nukta moja."

"Nukta gani?" aliuliza Lusajo.

Hakujua. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Bibi akamweleza. Lusajo akaweka jembe chini. Akapanda nyuma ya gari, akakaa kwenye kiti. Akautazama mlango kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mzee alikuwa na alama yangu," alisema. "Sikujua."

Tusekile akainamisha kichwa.

"Niliifuta mimi," alisema. "Samahani."

"Haya," alisema Lusajo. "Lakini mimi bado nipo."

Sauti ya gari ilikuwa imefika mbali. Watu walikuja. Akaja dada mmoja, Anyisile, akiwa na mtoto mgongoni.

"Anyisile pia alikuwa nukta," alisema Bibi. "Alizaliwa asubuhi ya Pasaka. Babu hakuwahi kanisani siku ile."

Wakaja wadada wawili wanaofanana kama macho mawili.

"Na hawa pia. Nukta zao zilikaa karibu karibu."

Wakaja na wengine watatu. Tusekile aliwatazama wote. Mmoja alikuwa mrefu. Mmoja alikuwa na pengo. Mmoja alicheka kwa kelele. Alihesabu kwa vidole. Walikuwa saba.

"Wengine wako wapi, Bibi?"

"Wako mbali. Wengine wako Mbeya. Wengine sijui walikokwenda."

"Wote walikuwa wangapi?"

Bibi akatikisa kichwa.

"Wengi, mjukuu wangu. Hata mimi sikuhesabu. Nilidhani nukta zitakuwepo siku zote."

Tusekile akaushika mkono wa Bibi. Wote wawili walikuwa na huzuni ileile. Kuwa nayo pamoja kulikuwa afadhali kidogo.

"Shangazi," alisema Lusajo kutoka ndani ya gari, "tupeleke hata mpaka kanisani."

Wote wakapanda, wakabanana. Bibi akakaa mbele. Tusekile akakaa nyuma, katikati ya wale wadada wawili. Mtoto wa Anyisile akamvuta sikio.

Ngurrr, ngurrr, ngurrr.
Polepole, mlimani.

Walikwenda mpaka kanisani, wakarudi. Kisha wakaenda tena, kwa sababu Bibi aliomba.

Jioni walikula ndizi na maharage. Bibi alisimulia habari za wale saba. Tusekile alisikiliza kila neno. Pale asipoelewa, aliuliza.

Kisha Tusekile na Shangazi wakalala kitanda kimoja. Mvua ilipiga bati. Taka, taka, taka.

"Shangazi," alisema Tusekile, "nukta hazitarudi."

"Hazitarudi," alisema Shangazi.

"Moyo wangu bado unauma."

"Wangu pia. Leo unauma kidogo kuliko jana."

Taka, taka, taka.

"Jumamosi nataka kufunga taa za nyuma," alisema Shangazi. "Nyaya zake ni nyembamba. Zinataka vidole vidogo."

Tusekile akatoa mkono nje ya blanketi. Akavitazama vidole vyake.

"Vyangu?" aliuliza.

"Vyako."

Tusekile akarudisha mkono ndani ya blanketi. Akasogea karibu na mgongo wa Shangazi, palipokuwa na joto.

"Utanionyesha waya upi unakwenda wapi?"

"Nitakuonyesha."

"Basi nitakuja," alisema Tusekile.

Akafumba macho, akalala.