Abiria wa Kiti cha 2A

Josephat Mhoja alikutwa amekufa Jumanne, saa nane na nusu mchana, ndege ikianza kushuka kuelekea Mwanza. Dorcas, mhudumu wa ndege, alimgusa bega amwambie afunge mkanda, na kichwa kikalala upande. Lilikuwa dege kuukuu la miaka thelathini na moja, mali ya kampuni ndogo, likitoka Guangzhou, mwendo wa zaidi ya saa kumi na mbili. Daraja la biashara lilikuwa na abiria watatu tu.

Inspekta Teodora Shigela alipanda ngazi saa tisa na robo. Daktari alimwonyesha midomo iliyochanika kwa ndani na mto wenye doa la damu. Mtu huyu alizibwa pumzi.

Marehemu alikuwa mkaguzi wa ndege. Alipanda safari hiyo kulikagua dege likiwa angani, na kila kasoro aliiandika katika daftari jeusi. Daftari halikuonekana.

Dorcas alieleza kwamba saa saba madirisha yote yalikuwa yamefungwa na taa kuu zimezimwa, abiria wamepumzika. Alimpelekea Josephat chai akimulika kwa tochi ya simu, akamkuta mzima. Kisha akakaa nyuma ya pazia mpaka saa nane na nusu. Hakuna aliyepita.

Wakabaki watu wawili.

Nasma, mfanyabiashara kutoka Igoma auzaye China mabondo, yaani vibofu vya sangara, aliketi 2D. Wakati wa kupanda alikuwa amemtukana Josephat mbele ya watu. Miaka mitatu nyuma, Josephat aliandika kwamba mumewe, Khalidi, fundi wa ndege, alisaini kazi ambayo hakuifanya. Khalidi akafukuzwa, na tangu hapo yuko nyumbani Buswelu.

"Ulimchukia?" Teodora aliuliza.

"Bado namchukia, afande. Kufa hakumfanyi mtu kuwa mwema."

Mkoba wake ulipopekuliwa, daftari jeusi lilikuwamo, ukurasa wa mwisho umechanwa. Nasma alisema halijui. Alikuwa amelala, mkoba uko chini ya kiti cha mbele.

Yunus, meneja wa safari wa kampuni hiyo, aliyeketi 1A, alikataa kukaa wakati wa mahojiano. Alisema wanamchelewesha.

"Niligeuka mara moja tu, saa saba na nusu," alisema. "Huyo mwanamke alikuwa amemwinamia Josephat. Taa ya kusomea ya kiti cha Josephat ilikuwa inawaka, nikamwona uso wazi."

Teodora alimwomba arudie. Akarudia vilevile, na karani wa polisi akaandika. Kisha Inspekta akawaongoza wote hadi safu ya pili, akabonyeza swichi ya taa ya 2A. Haikuwaka. Dorcas alisema taa za safu hiyo zilikufa tangu mwaka jana, ndiyo maana alitumia tochi.

Teodora akafungua daftari. "Marehemu naye ameandika: safu ya pili, taa haziwaki. Bwana Yunus, ulimwona kwa mwanga gani?"

"Labda ilikuwa simu."

"Umesema taa. Mara mbili."

Akaamuru apekuliwe. Ukurasa ulikuwa ndani ya soksi. Hakuwa amepata pa kuutupa: choo cha mbele kilikuwa kibovu, kimefungwa, na kile cha nyuma kilimlazimu apite kwa Dorcas. Ukurasa huo ulieleza kwamba fremu ya mlango wa nyuma ina ufa unaoingia kidole, na kwamba ndege hiyo isiruke tena.

Yunus alikaa sasa. Alikiri kwamba miezi miwili iliyopita alisaini kuwa ufa huo umetengenezwa, naye akijua si kweli. Alimsihi Josephat aufiche. Josephat akajibu kwamba watakutana mahakamani, akafumba macho alale. Yunus akachukua mto. Matusi ya Nasma aliyasikia wakati wa kupanda, hivyo alijua daftari litafaa kuwekwa wapi.

Teodora alizuia ndege isiondoke. Abiria wa safari ya kurudi, waliokwisha kupanga foleni, walimzomea. Mmoja alimwambia amewaharibia safari kwa sababu ya maiti mmoja.

Nasma alirudishiwa mkoba wake. Aliomba kuuona ule ukurasa, akausoma mara mbili, polepole.

"Kwa hiyo alikuwa anaandika kweli," alisema. "Na ile ya Khalidi?"

"Hiyo kamuulize Khalidi," Teodora alisema.