Ukurasa wa Pili wa Barua ya Chicago

Kila Jumamosi, akishafua sare yake na kufagia uwanja, Edinah alibaki na kazi moja: kumsomea bibi yake barua. Kukhu, kama alivyomwita kwa Kibukusu, hakuwahi kukanyaga darasa, lakini kumbukumbu yake iliwashangaza watu wote wa Kiminini. Ukimsomea jambo mara moja, angekurudishia neno kwa neno mwaka uliofuata. Ndiyo maana akina mama wa kanisa walikuwa wamemchagua mwenyekiti wao miaka tisa mfululizo.

Barua ya Oktoba 2003 ilitoka Chicago, Marekani, kwa shangazi Roselyne, bintiye Kukhu. Shangazi alikaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, na Kukhu alikuwa ameshakatiwa tikiti ya ndege kwenda kumwona.

Edinah alisoma ukurasa wa kwanza kwa madoido. Kulikuwa na majengo yaliyopotelea mawinguni, garimoshi lililopita juu ya barabara, juu ya vichwa vya watu, na ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani. Kukhu alicheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani.

"Edinah! Si ukuje, bana!" rafiki yake Jepchirchir aliita kutoka nje ya ua. "Tunaanza mchezo wa kati bila wewe!"

Ukurasa wa pili ulijaa maandishi madogo madogo. Edinah aliutupia jicho, akaona ni maagizo matupu: fanya hivi, usifanye vile. Akaukunja.

"Hajasema nimngojee mume wake wapi nikishuka?" Kukhu aliuliza.

"Nje, Kukhu. Mlangoni," Edinah alijibu, mguu mmoja ukiwa tayari nje. Wala hakuona kama anadanganya. Mgeni wa Kiminini hungoja wapi kama si nje, mahali ambapo mwenyeji atamwona kutoka mbali?

Kukhu aliondoka mwishoni mwa Novemba, akarudi siku chache kabla ya Krismasi. Aliondoka akiwa na afya tele, akarudi mifupa ya mabega imechomoza. Majirani walijaa sebuleni kusikia habari za Marekani. Hata wifi yake Agneta alifunga safari kutoka Bungoma.

"Watu wa Chicago hutembea kama wanaofukuzwa," Kukhu aliwasimulia. "Ukiwasalimia wanashtuka. Mkienda kule, bebeni salamu zenu mkijua mtarudi nazo."

Watu walivunjika mbavu. Agneta akapangusa machozi ya kicheko, akauliza, "Na mtoto je? Si ulimbeba hadi ukachoka?"

Kukhu aliweka kikombe chini. "Sikumbeba."

Alieleza polepole. Aliposhuka alitoka nje ya uwanja wa ndege, akasimama mlangoni karibu saa nzima, koti lake zito likiwa ndani ya sanduku. Upepo wa ziwani ulimwingia kifuani. Mume wa Roselyne alikuwa akimtafuta ndani muda huo wote. Siku ya tatu alilazwa kwa nimonia. Aliporuhusiwa kutoka hospitalini bado alikuwa akikohoa, na daktari akamkataza kumkaribia mtoto mchanga. Alimwona kupitia kioo cha mlango tu, mpaka siku ya kurudi ikafika.

"Roselyne alilia sana," Kukhu aliendelea. "Ati aliandika yote: nivae koti kabla sijashuka, ningoje ndani, kando ya mizigo. Na Edinah alinisomea. Mimi ndiye niliyesahau. Kichwa changu kimeisha, Agneta. Kesho nitamwambia pasta atafute mwenyekiti mwingine."

Edinah alikuwa amesimama na birika la chai mikononi. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemshuku. Lakini alimwona bibi yake akijipapasa paji la uso kama mtu aliyepoteza kitu, naye alijua kwamba hakuna kilichopotea.

"Kukhu, hukusahau," alisema. "Sikukusomea. Niliruka ukurasa wa pili. Nilitaka kwenda kucheza."

Agneta alifungua kinywa amkemee, lakini Kukhu akamzuia kwa mkono.

"Na ile ya kungoja nje?"

"Nilijitungia."

"Kumbe kichwa changu ni kizima," Kukhu alisema, akashusha pumzi. "Basi uenyekiti siuachi."

Edinah alianza kulia. "Nisamehe, Kukhu. Nitamwandikia shangazi, nimweleze kila kitu mimi mwenyewe."

"Utamwandikia, tena leo." Kukhu alimvuta karibu, akampokonya birika. "Sikia, mjukuu wangu. Mtu asiyejua kusoma hawezi kukuhakiki. Anachukua ulichompa, anasafiri nacho mpaka Marekani. Ukisomea watu, soma yote, hata yale yanayokuchosha. Na usilolijua, sema hulijui. Umesema kweli ukiwa umechelewa, lakini umesema, nami nimekusamehe."

Akautazama mlango.

"Ila yule mtoto nilimwacha akiwa na wiki tano. Nikijaliwa kumwona tena, atakuwa anatembea, hataki kubebwa. Hilo msamaha wangu hauwezi kulirudisha. Ndiyo maana nataka ulikumbuke."