Mchanga wa Zambarau

Jumatatu, tarehe saba Septemba 1998, saa mbili kasoro kumi asubuhi, Venant alikutwa kifudifudi ndani ya studio yake ya picha pale Kirumba, kisogo kimepasuliwa kwa stendi ya kamera. Kompyuta ilikuwa bado inawaka. Kwenye kioo chake Ziwa lilikuwa jekundu kama limechinjiwa ng'ombe, na mawe ya buluu yamechomoza humo kama migongo ya maiti.

Kufika Jumatano, kila umbea wa Kirumba ulikuwa umepita kwenye banda la Wilhelmina, mama ntilie wa mbele ya studio. Safari hii haukuwa na utamu. Mdogo wake Masalu, mlinzi wa studio, ndiye aliyekuwa mahabusu, na saa nane mchana angepandishwa kizimbani kwa kesi ya kuua.

Sajini Okeyo alikuja kula mapema, akaagiza ugali kwa dagaa wabichi.

"Dagaa wiki hii hakuna, afande. Kula maharage."

Akala huku akimsimulia, kwa sauti ya mtu asiyependa anachosema. Daktari kasema Venant aliuawa Jumapili, kati ya saa sita na saa tisa mchana. Wenye funguo ni watatu. Okech, mpiga picha, alikuwa kwenye ubatizo Nyegezi mbele ya watu mia. Alexander, fundi wa kompyuta, alishinda Kayenze akipiga picha za Ziwa. Masalu alikuwa kwake Kiseke, amelala peke yake.

"Usingizi hauna shahidi, dada," alisema, akamsogezea picha ambayo Alexander alisema aliipiga Kayenze siku hiyo.

Pembeni palikuwa na tarehe: 6.9.98. Anga la kijani, maji ya dhahabu, ufuko wote zambarau, na mwanamke mmoja ameinama na ufagio. Wilhelmina alizaliwa Kayenze. Aliukodolea macho ule ufagio mpaka ugali jikoni ukaungua.

"Huyu anafagia nini?"

"Mchanga."

"Ufukweni nani anafagia mchanga, afande?"

Saa saba kasoro robo walimkuta Alexander studio, akimalizia kazi za wateja. Aliwapokea kwa bashasha, akawaonyesha anavyoshika rangi moja na kuihamisha yote, buluu ikawa damu, bila kugusa kitu kingine. Mwanza nzima, alijigamba, hakuna wa pili.

Wilhelmina akamwomba tu arudishe rangi za mwanzo za picha ya Kayenze. Alexander akacheka, akasema hiyo kazi ina muda. Okeyo akavuta kiti, akaketi mlangoni.

"Muda upo. Mpaka saa nane."

Zambarau ikayeyuka taratibu. Ufuko ukameta rangi ya fedha: dagaa, wameanikwa mchanga mzima, na mwanamke anawageuza kwa ufagio.

"Kwenu wapi, baba?" Wilhelmina aliuliza.

"Arusha."

"Ndiyo maana. Dagaa huvuliwa gizani, wanafuata mwanga wa taa za karabai. Mwezi ukiwa mpevu hawavuliki. Jumapili mwezi ulikuwa sahani nzima, mitumbwi imelala tangu katikati ya wiki iliyopita. Kachungulie sufuria zangu, maharage matupu. Hao walioanika dagaa Jumapili ni majini?"

Okeyo akauliza, polepole, picha ilipigwa lini.

"Mwishoni mwa Agosti," alisema Alexander. "Tarehe niliiandika mwenyewe."

Akafungua droo, akatoa kalenda ya 1999. Miezi kumi na miwili ya maziwa mekundu na miamba ya buluu, na chini ya kila mmoja, jina la Venant.

"Nilimwomba aweke langu hata kwa herufi ndogo. Akasema rangi si picha, rangi ni vipodozi. Akanigeuzia mgongo." Aliitazama stendi mpya ya kamera iliyosimama kwenye kona. "Asingenigeuzia mgongo."

Saa kumi Masalu aliketi kwenye benchi la dada yake, macho mekundu, akaulizia dagaa.

"Subiri giza," alisema Wilhelmina, akampakulia maharage.