Ubongo wa Miaka Kumi na Minne

Kila alipotoka shuleni, Falonne alipitia sokoni kununua sombe, yaani majani ya muhogo, akafika nyumbani kabla mama yake, Hélène, hajarudi kutoka kituo cha afya alikofanya kazi ya uuguzi. Lakini wiki ile alikuwa akichelewa, na mama naye alikuwa amebadilika. Wakati wa kula alimkazia macho. Siku moja Falonne alimkuta ameshika sketi yake ya shule, anainusa.

“Sketi iko na maji. Ulitoka wapi?”

“Njo mvua imeninyeshea, mama.”

“Mvua gani? Mji wote wa Kindu ni kavu.”

Moyoni Falonne alisema ni mwanafunzi mwenzake Claire tu aliyemchongea, kwa sababu alikataa kwenda na kundi lao mtoni. Kesho yake hakumsalimu.

Falonne na wenzake walikuwa wakichukua mtumbwi wa baba yake Patou, mmoja wao, bila ruhusa. Aliyesimama wima mpaka katikati ya mto Lualaba bila kushika kitu alishangiliwa. Hakuna aliyejua kuogelea vizuri.

Ijumaa, akiteremka kwenda mtoni, Falonne alihisi anafuatwa. Aligeuka mara mbili, asimwone mtu. Alipotia mguu ndani ya mtumbwi, mkono ukamshika begani.

“Mama! Unanipeleleza! Claire amekuambia!”

“Claire hajasema neno. Nimekufuata mwenyewe. Patou, na ninyi wote, shukeni!”

Walishuka. Mama aliketi mchangani, sauti ikashuka.

“Mwaka 2002, wakati wa vita, nilikuwa na miaka kumi na minne kama wewe. Mji ulizingirwa, mashambani hakuendeki. Mimi na rafiki yangu Françoise tulijua hatari vizuri. Lakini wenzetu walikuwa wanatutazama, tukaenda huko mashambani kuchuma sombe. Tukapigwa risasi. Françoise hakurudi.”

“Yeye ndiye aliyekushawishi?” Falonne aliuliza polepole.

“Hapana. Mimi ndiye niliyemwita mwoga.”

Hata Patou aliinamisha kichwa.

“Nilipojifunza uuguzi ndipo nikaelewa,” mama aliendelea. “Katika umri wenu, sehemu ya ubongo inayotamani msisimko na sifa za wenzenu huwa na nguvu sana. Sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kutuzuia, hukomaa polepole, mpaka miaka ishirini na kitu. Si kwamba ninyi ni wajinga. Ubongo wenu bado unajengwa.”

Patou aliufunga mtumbwi, akaenda kumwambia baba yake ukweli. Falonne alikwenda moja kwa moja kwa Claire kumwomba msamaha, kisha akarudi kwa mama yake.

“Na wakiniita mwoga tena, mama?”

“Ondoka kwanza pale walipo, upumue, ndipo uamue. Ukiona bado huwezi kuamua, njoo uniulize bila kuficha. Mpaka kichwa chako kikomae, mwanangu, utumie changu.”