Mashua ya Kuchaguliwa Maji Yakipwa

"Mimi mashua haiwezi kunidanganya," alisema Tening huku akisugua sufuria kwa mchanga. "Naitupia jicho moja tu, najua kama itakimbia au itatambaa. Jicho la pili nalifumba lipumzike."

Ngor, mtoto wa shangazi yake, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamalizia kuskusi ya uwele iliyobaki jana. "Lifumbue hilo la pili," alisema. "Sufuria bado ina masizi."

Jumamosi kazi yao ilikuwa hiyo, kusugua masufuria ambayo akina mama wa kisiwa cha Simbane huchemshia kombe za pwani wanazochimba kwenye matope ya vijito. Mkuu wa kikundi hicho alikuwa Bibi Yande, bibi yake Tening, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Siku hizi lakini masufuria yalikuwa yakichafuka nusu tu. Mashua ya kikundi ilikuwa imeoza tumbo msimu wa mvua, na sasa kuku walikuwa wanataga ndani yake. Tangu hapo akina mama walipanda mashua za wanaume, na wanaume walichukua nusu ya kombe kuwa nauli, tena wakiwaharakisha kama mbuzi wa kupeleka sokoni.

Ndiyo maana siku hiyo kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Fundi Baji, mtu wa kabila la Mjola kutoka Kasamansi huko kusini, alikuwa amefika na mashua mbili za kuuza. Akiba ya akina mama ilitosha kununua moja. Jioni fundi angeendelea na safari yake, na wakichagua vibaya hawangekuwa na nyingine.

"Watumwa wangu!" Fundi Baji aliita kabla hata hajakanyaga mchanga. "Mko wengi hivi, nani kawafungulia kamba?"

"Nyamaza, mla wali!" Bibi Yande alimjibu. "Umekuja kutufulia nguo, au umevutwa pua na harufu ya sufuria zetu?"

Ufuko mzima ukacheka. Watu wa Simbane ni Waserer, na Mserer na Mjola ni watani. Wazee husema bibi zao wa kale walikuwa dada wawili ndani ya mashua moja, ikapasuka vipande viwili katikati ya bahari, kipande kimoja kikaelea kaskazini na kingine kusini. Tangu siku hiyo kila upande humwita mwenzake mtumwa. Hakuna ruhusa ya kukasirika, na mtani akikuomba kitu ulicho nacho, kumnyima ni aibu.

"Tangu mashua ile ipasuke," Bibi Yande aliendelea, "nyinyi hamjajua kutengeneza nzima."

"Nimeleta nzima mbili. Tazameni wenyewe."

Zilikuwa zinaelea pamoja, maji yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Ya kwanza ilikuwa nyeupe kama jino jipya, ina mstari wa buluu, nyembamba, omo wake, yaani pua ya mbele, umenyooka juu, na chini ina mkuku mrefu, ule ubao wa kukata mawimbi. Ya pili ilikuwa imepakwa lami nyeusi. Ilikuwa pana katikati, chini bapa kama sinia, na omo wake uliinuka kidogo tu, kama pua ya mtu aliyesikia harufu asiyoipenda.

"Nyeupe!" Tening alipaza sauti. "Hata kipofu angechagua nyeupe!"

Akina mama walicheka, wakapiga makofi, na mmoja akaanza kuiimbia. Mjomba Latir aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Yeye ndiye aliyepewa na kikundi kazi ya kusema kwa niaba yao, kwa kuwa aliwahi kuvua bahari kuu, jambo ambalo hakumruhusu mtu kulisahau.

"Mtoto ameona," alisema. "Fundi, ipi nzuri?"

"Zote ni wanangu," alijibu Fundi Baji. "Mzazi hachagui."

"Ikipakiwa je?" aliuliza Bibi Yande.

"Mama, mashua ni mashua. Mimi nimeiona bahari," alidakia Mjomba Latir.

Bibi Yande alifunga mdomo. Alikuwa amemkabidhi mwanawe neno mbele ya watu, na kumnyang'anya mbele ya watu hao hao lingekuwa jambo baya. Wakakubaliana kwamba baada ya sala ya alasiri wangetafuna kola, ile kokwa chungu ya kufungia mapatano. Na kola ikishatafunwa, neno halirudi.

"Mtumwa wangu," Tening alimwambia fundi, "tuazime hiyo nyeupe. Tukawachukulie akina bibi makapu ya kombe waliyoyaacha kwenye fungu la mchanga kule ndani ya kijito."

"Chukua. Ukiikwaruza, nakuoa."

"Ukinioa, utakufa njaa. Mimi sipiki wali."

Tening na Ngor wakaondoka. Lakini hawakwenda kwenye kijito. Tening alitaka kwanza kuionja mashua yake, maana moyoni ilikuwa tayari ni yake. Wakatoka nje kwenye ghuba, na huko, lazima tuseme kweli, mashua nyeupe iliruka. Ilikata wimbi kama kisu kinavyokata papai. Ngor alipiga kelele za furaha, Tening akasimama kwenye omo mikono kiunoni kama gavana. Walizunguka, wakazunguka tena, na muda wote huo maji yalikuwa yanaondoka kimyakimya bila kumuaga mtu.

Walipofika kwenye fungu, wakapakia makapu. Kombe mbichi ni nzito kama mawe, na kila kapu lilipoingia, mashua nyeupe ilikaa chini zaidi. Walipoanza kurudi, maji ya kijito yalikuwa yamepungua hadi magotini.

Kruu! Mkuku uligusa chini.

"Sukuma!" alisema Tening.

"Nasukuma!"

"Hiyo ni kusukuma au kuegemea?"

Walisukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, wakasukuma kwa mabega. Mkuku ulikuwa umeng'ata matope na haukutaka kuachia. Maji yakazidi kupungua, na mashua, kwa kuwa haikuwa na tumbo la kukalia, ikalala ubavu polepole kama ng'ombe aliyechoka. Makapu yakapinduka. Kombe zote zikarudi kwenye matope zilikotoka.

Tening alisimama akaitazama. Mashua ile ile iliyoruka kwenye ghuba sasa ilikuwa imelala mdomo wazi, imepwelewa, na hakuna ambacho mtu angeweza kufanya hadi maji yajae tena.

Ngor alijipangusa tope puani. "Tuseme kamba ilikatika, ikachukuliwa na mkondo. Hakuna aliyetuona."

"Halafu?"

"Halafu basi. Wewe mwenyewe umeisifu mbele ya kijiji kizima. Ukirudi useme haifai, watakucheka mpaka uolewe."

Tening alitazama upande wa kijiji. Alikuwa anasikia tayari vicheko hivyo, hasa cha Mjomba. Kisha akaziona kombe zilizomwagika, na kazi ya bibi yake ndani ya kila moja.

"Wakishatafuna kola," alisema, "akina bibi watakuja kulala hapa kwenye matope na mizigo yao, kila maji yakipwa, kwa sababu mimi naogopa kuchekwa. Na wacheke! Twende."

Waliifunga mashua kwenye mizizi ya mkoko, wakarudi kwa miguu, matope yakiwameza hadi mapajani.

Sala ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wameketi kwenye mikeka karibu na ufuko. Mjomba Latir, ndani ya kanzu pana iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, alikuwa ameinua kola mkononi. Tening alipita katikati ya mikeka akiacha nyayo za tope nyuma yake.

"Tening!" Mjomba alifoka. "Wakubwa wanazungumza!"

Mtoto hamkatizi mjomba wake, hilo Tening alilijua tangu hajaota meno. Lakini alijua pia jambo jingine.

"Shikamoo, Mjomba. Sizungumzi na wewe. Nazungumza na mtumwa wangu, na utani hauombi ruhusa." Akamgeukia Fundi Baji. "Mtumwa wangu!"

"Naam, mtumwa wangu wa matope?"

"Mashua yako nyeupe imelala ubavu ndani ya kijito, na kombe zimemwagika zote. Hakuna aliyeiangusha. Tulipakia, maji yakapungua, ikakwama. Asubuhi nilisema hata kipofu angeichagua. Nilisema kweli, na kipofu mwenyewe nilikuwa mimi."

Vicheko vikalipuka, kama Ngor alivyotabiri. Tening akasimama pale pale akavisubiri viishe, kidevu juu.

"Mbona hukutuambia?" Tening alimuuliza fundi.

"Niliulizwa ipi nzuri," alisema Fundi Baji, naye sasa hakuwa anacheka. "Hakuna aliyeniuliza ni ya kazi gani. Ile ni ya vijana wa kuvua ghubani na kushindana siku za sikukuu. Na mimi ni muuzaji, mtumwa wangu. Muuzaji hasukumi mnunuzi aliyekwishapenda."

"Basi mtani hamnyimi mtani. Nakutaka sasa hivi, maji yakiwa yamepwa hivi hivi, uwapakie akina bibi na makapu yao kwenye ile nyeusi. Tupite pale nyeupe ilipolala, kisha tutoke mpaka ghubani. Ikikwama, nitakufulia nguo mpaka niwe bibi kizee. Isipokwama, kola ni ya nyeusi."

"Kola iko mkononi mwangu!" alisema Mjomba Latir. "Mtoto wa kusugua sufuria atanifundisha mimi mashua? Mimi niliyeiona bahari?"

"Bahari umeiona, Mjomba. Kijito hujakiona. Kina mama ndio wanaokiona."

Bibi Yande akainuka, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Latir, nilikupa mdomo wangu," alisema. "Miguu yangu sikukupa." Akatembea hadi kwenye mashua nyeusi, akapanda. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja na makapu yao. Mwishowe Mjomba naye akapanda, ili awepo itakapokwama.

Haikukwama. Fundi Baji aliisukuma kwa upondo, na ile sinia nyeusi ikateleza juu ya maji membamba kana kwamba imepakwa mafuta. Ilipofika kwa mwenzake mweupe aliyelala, akina mama walishuka, wakaokota kombe zote kutoka matopeni, wakapanda tena. Ikashuka kidogo, ikaguna, ikaendelea.

Kwenye ghuba haikuruka. Tumbo lake bapa lilipigwa na kila wimbi, paa! paa!, na maji ya chumvi yakawarukia waliokaa mbele. Aliyekaa mbele kabisa alikuwa Mjomba Latir. Kanzu yake iliyopigwa pasi ikamganda mwilini kama ngozi ya pili. Lakini mashua ilikaa imara, haikuyumba hata mama mmoja aliposimama kumcheka.

"Itawalowesha mkienda sokoni," alisema Fundi Baji. "Sitawaficha. Mashua haiwezi kuwa bingwa wa huku na wa kule. Lazima mjue ni wapi mnafanyia kazi mkiwa mmechoka na mmebeba, halafu mchague ya huko."

Mjomba Latir alijikamua mkono mmoja wa kanzu. Kisha akatoa kola mfukoni, imelowa, akamkabidhi fundi. "Kwa nyeusi," alisema kwa sauti ndogo. "Na wewe, Tening, siku nyingine unifedheheshe nikiwa nimevaa nguo za kazi."

Jumatatu Mwalimu aliwataka wanafunzi wa darasa la sita wasimulie jambo walilolifanya mwisho wa juma. Tening hakungoja kuitwa. Alisimama mbele, akaeleza juu ya mashua mbili, juu ya mjomba mbishi, juu ya utani na kola. Alieleza vizuri mno. Nyeupe aliichambua mbao kwa mbao.

"Mimi tangu asubuhi nilipouona ule mkuku," alisema, "nikajua kabisa, hii haitufai. Nikawaambia akina mama wote..."

"Asubuhi ipi hiyo?" iliuliza sauti dirishani.

Bibi Yande alikuwa amesimama nje na ungo wa kombe zilizokaushwa, amemletea Mwalimu. Darasa zima likageuka. Tening akabaki mdomo wazi, mkono ukiwa bado hewani unaonyesha mkuku.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Nimeuliza, asubuhi ipi? Maana ile ninayoikumbuka mimi kuna msichana alipiga kelele 'nyeupe' mpaka kuku wakatoka kwenye mashua ya zamani."

Darasa likaangua kicheko. Ngor alikuwa amelala juu ya dawati, anapiga mbao kwa ngumi. Bibi Yande akangoja kelele zipungue, kisha akasema, sasa bila mzaha:

"Mjukuu wangu, kujua mashua hakukutusaidia, kwa sababu hukuijua. Kilichotusaidia ni kwamba ulikosea mbele ya watu, na ukarudi mbele ya watu hao hao ukasema nimekosea. Wakubwa wengi hawawezi. Sasa mbona unawasimulia wenzako hadithi yote, na kipande chenye faida ndicho unachowaficha?"

Mwalimu alikunja mikono, akamtazama Tening. "Unasemaje?"

Tening aliinua kidevu, masikio yakimwaka moto.

"Nasema naanza upya. Mimi nilikosea." Akageukia dirisha. "Lakini, Bibi, kanzu ya Mjomba ilivyolowa, hiyo naruhusiwa kuisimulia?"

"Hiyo," alisema Bibi Yande, akiegemea dirisha ili asikie vizuri, "isimulie mara mbili."